Kamba Kwenye Lori la Mananasi

Vumbi huamka kwanza. Kabla upepo haujafika, kabla jani halijatikisika, vumbi la barabara hii huinuka kiasi cha vifundo vya miguu, likatembea kidogo, likalala tena. Nimelitazama miaka mingi. Likiinuka mara ya pili na kufika magotini, mimi hushusha kivuli changu, na mwenye sahani ataimalizia juani.

Ndiyo kanuni, Nasuru, na uliijua, kwa sababu ulikula kwangu muda wa kutosha.

Hapa ni Busia, upande wa Uganda, pale mji unapoishia na foleni ya malori inapoanza. Malori yanangoja kuvuka kwenda Kenya. Yanangoja asubuhi, yanangoja jua la utosi, yanangoja mpaka madereva wanajua jogoo yupi ni wa nani. Mimi Zubaida nawapikia. Jiko langu liko ndani ya karavani, kijumba cheupe chenye magurudumu mawili, ambacho mzungu mmoja alikuwa akikikokota nyuma ya gari lake kuizunguka Afrika, na ekseli ilipokatika akakiacha kwa fundi mmoja Tororo. Marehemu baba akakileta hapa. Hakijaenda popote tangu hapo.

Ubavuni mwa karavani ndipo penye kivuli. Ni turubai la buluu, buluu ambayo jua limekwisha kuila. Ukingo wake wa juu umepita kwenye mfereji wa paa, ukingo wa chini unabebwa na nguzo mbili, na nguzo zinashikwa na kamba. Chini yake mna mabenchi, meza, jiko la makaa, birika. Hicho ndicho chumba changu kikubwa, na kuta zake ni hewa.

Baba alinifundisha turubai kabla sijafundishwa kupika. Upande mmoja uwe chini, maji yapate njia. Kamba isikazwe mpaka ikalia. Usitundike kitu kwenye nguzo, si mfuko, si redio. Usiondoke ukaliacha limetandazwa, hata kwenda kuswali. Likunje kwanza, Mungu hana haraka. Na la mwisho alilisema akiwa amenishika sikio: upepo ukilishika turubai, wewe usiishike nguzo. Mtu si uzito. Upepo hauna ubaya na mtu, ila haujui kumtofautisha na nguo iliyoanikwa.

Kivuli ni cha kushushwa, alisema. Asiyejua kukishusha asikitandaze.

Lakini ardhi ya kando ya barabara hii ni ngumu. Ni udongo mwekundu wa kokoto, umeshindiliwa na magurudumu mwaka hadi mwaka, na kigingi cha mti hupasuka kabla hakijaingia. Kwa hiyo sisi wa foleni tuna desturi yetu: kamba hufungwa kwenye lori. Muuza chapati, muuza simu, kinyozi, sote. Lori lililojaa halitikisiki. Foleni ikianza kusonga, dereva hupiga honi tatu, mwenye kamba hukimbia kufungua, lori likasogea, la nyuma likaja, kamba ikafungwa tena. Watu wazima, wenye akili zetu, tumeegemeza nyumba kwenye vitu vyenye magurudumu.

Na madereva nao wana desturi yao, isiyo na huruma. Asiyesogea zamu yake ikifika, huanza nyuma. Nyuma kabisa, mkiani, kule karibu na njia ya Dabani. Haulizwi kwa nini.

Wewe ukaja na mananasi. Ulikuwa ukiyatoa Kayunga, na kila ulipofika kwangu ulilisimamisha lori usawa wa nguzo zangu, wala hukuambiwa. Ulishuka, ukachukua kamba mkononi mwangu, ukaifunga mwenyewe. Fundo lako nililipenda kabla sijakupenda wewe. Lilikamata sawasawa, na ukivuta ncha moja liliachia lote bila ugomvi.

Nilijifunza kuhesabu subira yako kwa pua. Mananasi mabichi, umefika leo. Mananasi matamu, umeshazoea benchi. Sikukuangalia sana. Nilikuwa nakunusa.

"Zubaida," ulisema siku moja, ukichovya chapati kwenye chai, "mimi nataka kuleta wazee wangu kwenu."

"Waje kufanya nini?"

"Kuposa."

Niligeuza chapati. Nikaigeuza tena, ingawa ilikuwa imekwisha kuiva. "Wewe ni mtu wa magurudumu," nikasema. "Leo Busia, kesho Nakuru."

"Basi utanijibu nikirudi."

Ukarudi, sikujibu. Ukaenda, ukarudi. Mama yangu alimngoja msafirishaji ujana wake wote, maana baba kabla ya karavani alikuwa barabarani, na mimi nililelewa nikiona sufuria inavyofunikwa, inavyofunuliwa, inavyofunikwa tena. Sikuwa na hasira nawe. Nilikuwa tu najua bei ya kungoja.

Asekenye hakunielewa. Yeye ni jirani yangu, mwanamke wa Kiteso mwenye maneno machache, anachoma mihogo hatua chache kutoka kwangu, na mwanawe Sandra, mchanga bado, hamtoki mgongoni. Jua likizidi huja kuketi chini ya turubai langu.

"Kamba yake unakubali," alisema, "yeye unakataa. Sasa hiyo ni akili gani?"

Nikamwambia anyamaze ale. Akala, lakini macho yake hayakunyamaza.

Siku ile vumbi halikuamka. Nasema hivi si kwa kujitetea. Mvua ya jana ilikuwa imelilaza, barabara ilikuwa imeshikana, na mimi niliyezoea kusoma vumbi sikuwa na cha kusoma. Upepo ulitoka upande wa Lunyo, liliko ziwa, ukaja umesimama wima.

Upepo uliingia chini ya turubai ukalijaza. Kamba mbili ulizofunga kwenye lori lako zikakaza, zikalia. Pazia la pembeni, ambalo hulishusha jua likizidi, likajiviringisha, likamfunga Asekenye kati ya benchi na mlango wa karavani, Sandra mgongoni, na birika linatokota mbele yake. Mbadilisha fedha mmoja, mnene, mtu wa heshima zake, aliruka akaikumbatia nguzo. Upepo ukamwinua. Miguu yake iliachana na ardhi, nikaiona soli ya kiatu chake, kisha akarudishwa chini juu ya unga wangu.

Ewe upepo wa Lunyo, sikukuchukia hata hapo. Ulikuwa unapita tu, na sisi tulikuwa njiani.

Ndipo foleni ikaanza kusonga.

Nililiona lori la mbele yako likitoa moshi na kwenda. Nikaona nafasi imefunguka mbele yako, pana, nyeupe, nafasi uliyoilalia chini ya lori usiku baada ya usiku. Nilijua hesabu yake yote kwa mara moja. Ukisogea na kamba, unaondoka na nguzo, na karavani itavutwa iwalalie walio chini ya turubai. Nikiifungua kamba, turubai linaruka na nguzo zake za chuma, na aliye karibu na nguzo ni Sandra. Na usiposogea, unaanza nyuma na mzigo unaooza.

Sikupiga kelele. Sauti isingefika. Nilisimama tu nikiutazama mlango wa lori lako, na mkono wangu uko juu ya fundo, na sikulivuta.

Honi tatu sikuzisikia. Injini ikazimika. Kisha mkono wako ukatoka dirishani, umeshika ufunguo, ukaunyoosha juu ili niuone.

Nyuma yako walipiga honi kama arusi. Likakupita lori la mahindi. Likakupita la mayai. Likakupita la sukari, na dereva wake akakutukania mama yako, akapunguza mwendo ili usikie vizuri. Hukugeuza shingo. Mkono ulikuwa bado dirishani, na ufunguo unang'aa.

Nilikupenda saa ile, nasema wazi. Si polepole, si kidogo. Nilikupenda huku nikikata pazia kwa kisu cha vitunguu, nikimtoa Asekenye kwa kumvuta mkono, na Sandra analia kilio kizima cha mtoto ambaye hajaumia.

Upepo ulipochoka, wewe ukashuka kwenye lori. Ulivuta ncha, fundo likaachia.

"Mtoto iko sawa?" ukauliza.

"Yuko sawa."

"Basi," ukasema. Ukawasha gari, ukaligeuza, ukaenda mkiani.

Nilikuletea chai huko nyuma, kila siku, nikipanda boda na chupa mapajani. Harufu ya mananasi ilikuwa tamu, ikawa tamu mno, ikawa harufu ya pombe. Nyuki walikuja. Juisi ilidondoka chini ya lori ikachora mstari kwenye udongo, na tulizungumza habari za mvua. Hukuniuliza jibu. Nami sikulitoa, na sababu yake sikuweza kukwambia mbele ya nyuki wale: nikikubali sasa, nilijiambia, itakuwa ni kulipa, na mtu halipi kwa kuolewa.

Ukavuka. Baadaye dereva wa mayai ndiye aliyenieleza, akiwa na kinywa kilichojaa wali, kwamba mwenye mali kule Nairobi aliukataa mzigo wote, na mwenye lori akakunyang'anya ufunguo. Ule ule. Nilimwongezea mchuzi ambao hakuuomba, nikaingia ndani ya karavani, nikakaa juu ya gunia la mchele mpaka chapati zikaungua nje.

Simu yako ilikuwa imezimwa. Niliipiga wakati wa kuwasha jiko na wakati wa kulizima. Asekenye aliniona na hakutania.

Nilikwenda kwa Opendi, mchomeleaji wa pale mjini, nikamwambia anitengenezee vigingi vya chuma, virefu, vya nondo nene, vyenye kichwa cha kupigwa na masikio ya kupitisha kamba. Tukavipigilia kwa nyundo kubwa, vimelala kiasi, vichwa vimeinama mbali na kivuli, mpaka ule udongo wa kokoto ukakubali. Ulikataa kwanza. Opendi alitukana kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, akatema mate viganjani, akaendelea. Kamba zangu zikaacha malori, zikaenda ardhini. Kinyozi alicheka sana. Yeye bado anafunga kwenye malori mpaka leo.

Kukunja nilikunja peke yangu. Turubai lile liliumbwa kwa watu wawili: mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, wanaviringisha kwa pamoja. Mimi nilizungusha ncha moja, nikakimbilia ya pili, nikarudi ya kwanza, na kila siku lilitoka limepinda upande mmoja. Sikuwa na haja ya kulilalamikia. Kivuli ni cha kushushwa, nami nilikishusha, kimepinda au hakikupinda.

Madereva wengine walisimama usawa wa nguzo zangu. Mananasi ya wengine yalinukia. Nilipika, nilipakua, sikumnusa mtu.

Halafu kiangazi kikarudi, na vumbi nalo.

Liliinuka kiasi cha vifundo, likatembea, likalala. Nilikuwa napakua. Liliinuka mara ya pili, likafika magotini, nami nikaweka upawa chini nikawaambia watu washike sahani zao. Hapo boda ikasimama upande wa pili wa barabara. Ukashuka na begi moja. Shati lilikuwa safi, limepigwa pasi, na mtu wa safari ya kazi hapigi pasi.

Ulivuka bila kusalimia, kwa sababu ulikuwa umeliona turubai linavyojaza tumbo. Ulitupa begi, ukaikumbatia nguzo kwa mikono miwili, mguu mmoja umeutanguliza mbele, kana kwamba wewe ndiwe lori.

"Acha nguzo," nikasema.

"Inakwenda na upepo hii."

"Acha, nimekwambia. Huna uzito huo."

Ukaachia. Uso wako ulishuka. Ulidhani nimekuambia neno jingine, nikaliona hilo, na sikuwa na nafasi ya kulieleza, maana upepo ulikwisha kupita Lunyo.

"Ncha ile pale," nikasema. "Ishike. Mimi nashika hii. Usinitangulie na usichelewe."

Ukaenda kwenye ncha ambayo hakuna mtu aliyeishika tangu baba. Tukalegeza kamba. Tukaviringisha. Mara mbili ulinitangulia, nikakukaripia, ukarudi nyuma, tukaenda sawa. Turubai likapanda ubavuni mwa karavani limenyooka, likafungwa, likatulia. Madereva walikuwa wamesimama juani na sahani zao, wanatafuna na kututazama.

Upepo ukafika, ukakuta hakuna kitu. Ulizunguka karavani, ukapekua majivu ya jiko, ukavisukuma vyuma vya Opendi visivyosukumika, ukaenda zake Tororo.

Tuliketi benchini, migongo ukutani, macho tumeyafumba kwa ajili ya mchanga.

"Sasa mimi sina gari," ukasema.

"Naona."

"Sina chochote kizito, Zubaida."

"Sikuuliza uzito." Nikajifuta uso kwa leso. "Wale wazee wako, wako hai bado?"

Nilifumbua macho nikakuta unanitazama, kope zako zimekuwa nyekundu za udongo.

"Wako," ukasema.

"Walete. Waje asubuhi, kabla upepo haujaamka, tuwakalishe kivulini."

Nikainuka kuwasha jiko upya. Barabarani lori lilipiga honi tatu, na kinyozi akakimbilia kamba yake. Wewe hukuinuka. Vumbi lililopita juu yetu lilianza kushuka, taratibu, likitafuta pa kulala, na kwa kuwa viatu vyako havikwenda popote, likalala juu yake.