Kikohozi cha Wimbo wa Tatu

Usiku wa jana niliota nimeingia stoo ya Shangazi Tusekile, jua la saa tano linapiga mlangoni, na friji letu bovu likanitaka radhi kwa kuwa halikusimama kunisalimia. Likasema kuna mgeni wangu ndani.

Kabla ya mgeni, nieleze ya kweli, maana ndoto hii haieleweki bila hayo. Bendi yetu ina watu watatu. Mimi, Ambilikile, napiga gitaa la nyaya za breki za baiskeli. Sekela anapiga cherehani. Ipyana anapiga hilo friji kwa mwiko. Tunarekodi hapa hapa Mbeya, kwenye stoo ya viazi ya shangazi yangu, kwa sababu magunia ya viazi yanameza mwangwi vizuri kuliko godoro. Redio hazitupigi na hatujaziomba. Albamu yetu ya kwanza tunaitoa wenyewe leo saa sita mchana, kwenye kaseti tulizonakili moja moja mpaka vidole vikafa ganzi.

Sheria ya bendi ni moja, na Sekela ameiandika kwa chaki mlangoni: HAKUNA KUFUTA. Kilichoingia kwenye rekodi kinabaki. Jogoo wa jirani amebaki. Mvua ya mawe imebaki.

Mimi nilifuta. Katika wimbo wa tatu, pale gitaa langu lilipolia vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, Shangazi alikohoa nje ya mlango. Jumanne, nikiwa peke yangu na mashine, nikakikata kile kikohozi. Kaseti zote zikanakiliwa bila hicho, na sikumwambia mtu.

Basi mgeni alikuwa amekaa juu ya gunia, amejifunga kanga ya Shangazi, kibegi mapajani. Alikuwa kikohozi. Msiniulize nilijuaje. Kikohozi cha nyumbani kwenu ukikiona unakijua.

"Nimefukuzwa," kinasema. "Tangu Jumanne nalala stendi."

Nakimiminia chai ili nipate muda wa kufikiri. Chai inamwagika. Nachukua kitambaa, napangusa, chai iko pale pale. Napangusa jasho usoni, nalo limegoma. Naelewa kwamba sheria ya mlangoni imeanza kazi na leo hakuna kitu nitakachoweza kufuta.

Sekela na Ipyana wanaingia wamebeba boksi la kaseti. Ipyana anauliza huyu mgeni ni wa nani.

"Simjui," nasema.

Neno halifutiki. Linabaki limening'inia katikati ya stoo, pana kama shuka la kitanda kwenye kamba, na Ipyana inabidi ainame ili apite chini yake. Sekela analisoma mara mbili. Anaweka boksi chini.

Hapo stoo inakuwa ukumbi wa harusi. Viazi ndio waalikwa, wamekaa kwa safu, wamekogeshwa. Meza kuu ni wimbo wa tatu, na kila sauti ina kiti chake: cherehani, friji, jogoo aliyevaa tai, mvua ya mawe inayoyeyuka kidogo kidogo kwa heshima. Gitaa langu limekalia viti viwili, miguu limetanua, linajipepea.

Kiazi mmoja mzee anashika kipaza sauti. Anatangaza kwamba albamu haitoki, kwa kuwa kuna mwenye kiti aliyesimama. Nyimbo nyingine zimeshafunga mizigo lakini hazitamwacha mwenzao. Nje watu wanangoja, wamekinga vikombe mlangoni kupokea nyimbo, na saa ya ukutani inasema bado dakika kumi. Miaka miwili tumekula vumbi la viazi kwa ajili ya siku hii.

"Ambilikile," anasema Sekela, taratibu. "Ulifuta?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa napiga vizuri."

"Ni kweli, ulikuwa unapiga vizuri," anasema, na hilo likaniuma kuliko kama angenitukana.

Kikohozi kinasogea. Kinasema hakina kinyongo na gitaa, kiti kinaweza kusubiri. "Kinachonikera ni kimoja. Mama wa watu alisimama mlangoni na ndoo ya viazi, akanizuia wimbo mzima hadi machozi yakamtoka, ili asiwaharibie. Nilipomponyoka, ndani mlikuwa watatu. Hakuna hata mmoja aliyesema pole."

Ipyana anasema tulikuwa tunarekodi. Kiazi mzee anasema wao viazi walikuwepo, na wangesema wenyewe kama wangekuwa na mdomo siku ile.

Niliona aibu. Sikuona aibu ya kufuta, hiyo nilishaizoea tangu Jumanne. Niliona aibu ya ile pole. Nageukia mlangoni na kusema kwa sauti yangu ya kawaida, "Pole, Shangazi."

Neno hili halikuning'inia. Lilitembea hadi meza kuu, likakishika kikohozi mkono. Gitaa likakunja miguu, likasogea. Wakakaa wote. Nyimbo zikabeba mabegi, zikaanza kutoka moja moja, na nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nje Shangazi alikuwa anamenya viazi. Nikaenda stoo, nikachukua kaseti ya juu kabisa kwenye boksi, moja ya zile alizozifunga Sekela mwenyewe kwa gundi Jumatano, nikaibandua gundi na kuiweka kwenye redio.

Wimbo wa tatu. Gitaa likapanda, likapanda, kikohozi kikaingia. Halafu nikasikia sauti yangu, karibu kabisa na maiki: "Pole, Shangazi."

Na kutoka nje ya mlango, ndani ya kaseti, yake:

"Nimeshapoa, baba. Endeleeni."