Kijiti Kilichokuwa Ndani ya Shati

Walianza kumpiga kwenye geti la kijani na wakamaliza mbele ya kibanda cha fundi viatu. Kati ya hapo na hapo ni hatua mia mbili na kumi. Mjane wake alizihesabu baadaye, kwa ndala zake, na hakuna aliyemuuliza anatafuta nini. Fundi viatu alimweleza kwamba jiwe la kwanza lilimkosa, la pili likampata gotini, na baada ya hapo hawakuhitaji tena mawe. Walitumia mbao. Mmoja alitumia mpini wa rola ya marehemu mwenyewe, kwa maana marehemu alikuwa mpaka rangi na alikuwa anatoka kazini.

Mlinzi wa jumba lenye geti lile alikuwa amemwona akitoka getini na kitu alichokificha ndani ya shati. Akapaza sauti, mwizi. Basi. Watu waliokuwa wanakunywa chai waliacha vikombe mezani, wakaenda kuua, wakarudi, na chai ilikuwa bado ina moto.

Mama wa marehemu, ambaye ni muuza vitunguu sokoni, aliondoka msibani na sentensi moja: "Mwanangu hakukutwa na kitu." Aliisema kwa wanunuzi huku akipima vitunguu, aliisema kituo cha polisi, alimwambia hata muuguzi aliyempima sukari. Na polisi waliandika hivyo hivyo. Mifukoni leso, funguo mbili, kikwangulio cha rangi. Hakukutwa na kitu. Mama yule alisimama juu ya maneno hayo kama mtu aliyesimama juu ya kigoda kwenye mafuriko.

Mjane peke yake ndiye aliyejua kwamba kitu kilikuwapo. Chumba cha maiti walimpa nguo kwenye mfuko wa plastiki. Alipofungua vifungo vya shati lililokauka likawa gumu kama ubao, alikuta karatasi ya gazeti lililolowa, imefungwa kwa uzi, imenata kwenye fulana chini ya kwapa. Ndani mlikuwa na kijiti cha waridi, urefu wa kiganja. Waliompiga walikuwa wamekigandamiza mwilini mpaka miiba ikapenya gazeti na fulana. Aliviona vitundu, vitano.

Alikijua. Kwa wiki mbili alizokuwa akipaka rangi pale, mume wake alikuwa anaimba waridi la jumba lile, la njano lenye kingo nyekundu. "Nitakuletea," alisema. "Ukiliona utasema nimelipaka mimi."

Mjane hakulia. Alichukua kopo la rangi lililokwisha, akalijaza udongo na mchanga, akakichomeka kijiti, akakifunika kwa chupa ya maji aliyoikata kitako. Miezi miwili baadaye kilikuwa na machipukizi mawili. Akakipeleka kaburini, akamwambia mama mkwe kwamba amekinunua kwa wauza miche wa barabarani.

Shida ni kwamba mama mkwe alikuwa ametangulia. Upande wa kichwani alikuwa ameshapanda bogenvilia, mche aliouotesha kutoka kwenye ule mti mkubwa wa ukutani kwake, ambao marehemu aliupanda akiwa na miaka kumi. Mtunza makaburi, mwanamume waliyemwita Kopo kwa sababu hukumwona bila makopo ya maji mikononi, alisimama akaangalia miche miwili kwenye kipande cha ardhi kisichozidi mlango.

"Shemeji, hawa wawili hawalali chumba kimoja," alisema. "Waridi ni mtu wa kula. Linataka samadi, linataka maji mara kwa mara, tena umwagie chini, majani yakilowa linapata ukungu. Na ukilikata linashukuru, linachipua zaidi. Bogenvilia ni mtu wa kufunga. Ukiilisha inanenepa majani na miiba, ua hulioni. Yenyewe inataka jua limchome mtu utosini, na kiu. Matawi utakata upendavyo, lakini mizizi usiiguse. Mizizi yake ni kama nywele. Udongo ukidondoka tu, hesabu umezika wa pili."

Halafu akainama, akakishika kijiti cha waridi kwa vidole viwili. "Aliyekata huyu ni mtu wa mkasi. Ona, mshazari, juu ya jicho, pale panapochipukia, hakuna hata uzi wa gome. Wauza miche siku hizi wamesoma?"

Mjane akasema labda.

Yeye alikuwa mshona sare za shule. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye cherehani alipita makaburini na makopo mawili ya maji. Mama mkwe alikuja Jumapili mchana, akakuta bogenvilia yake imenenepa, majani ya kijani kibichi kama ya mchicha, hakuna ua hata moja. Jumapili ya kwanza aliyapapasa majani akaondoka. Ya pili alikuja mapema, akamwambia Kopo, kwa sauti ya kumfikia mjane aliyekuwa hatua tatu tu, "Kuna mtu anamnywesha mwanangu mpaka anasahau kuchanua."

"Mama, maji hayana mpaka," mjane alisema.

"Basi nitayawekea."

Akayawekea. Alileta bati, akalikata kwa upande mmoja likawa na meno, akalizamisha katikati ya kaburi kwa nyundo. Mjane aliposimuliwa na Kopo alihisi lile bati linamwingia mwenyewe mbavuni. Asubuhi iliyofuata alifika na mkasi wa kitambaa, akakata matawi yote ya bogenvilia yaliyovuka kutia waridi kivuli, akayapanga juu ya bati, miiba juu. Wiki ile ile akakuta makopo yake yametobolewa kwa msumari, matundu mengi, kila moja limepigwa kwa nguvu zaidi ya iliyohitajika. Naye akanunua mapya, akamwaga maji mara mbili, upande wa bati usiokuwa wake.

Hawakutukanana. Walisalimiana. "Shikamoo mama." "Marahaba." Halafu kila mmoja akaenda kuumiza mmea wa mwenzake.

Mwezi wa nane waridi lilitoa tumba. Njano ilikuwa imeanza kuchungulia. Mjane aliomba ruhusa kazini Jumapili, akaenda mchana ili alione likifunguka juani, na ndipo alipomkuta mama mkwe ameinama, panga mkononi.

"Mama, unafanya nini?"

"Napalilia."

Chipukizi la kwanza lilikuwa chini tayari. Tumba lilikuwa kwenye la pili. Panga likashuka mbele ya macho yake. Halikukata vizuri, liliponda, na ikabidi yule mama alikate kwa pigo jingine. Mjane alimrukia akamshika mkono. Walivutana bila neno, wanawake wawili waliovaa nguo nyeusi, wanakanyaga mtu wanayemlilia. Panga likateleza juu ya mkono wa mjane kutoka kwenye kiwiko kwenda chini, na ngozi ikafunguka kama mshono uliofumuliwa. Mjane akauachia ule mkono, akageuka, akaona jembe la Kopo limeegemezwa kwenye kaburi la jirani. Aliligeuza akashika upande wa chuma. Mpini ukashuka kwenye kifundo cha mkono wa mama mkwe. Wote wawili walisikia mfupa.

Panga likaanguka. Yangeishia hapo, yangekuwa ni mambo ya hasira.

Lakini mjane alilitupa jembe, akaenda kwenye bogenvilia, na alijua anafanya nini. Hilo hakuwahi kujidanganya. Aliikamata kwenye shina kwa mikono yote miwili, miiba ikazama viganjani, akavuta. Ikagoma. Akavuta tena kwa mgongo mzima, ikatoka na donge la udongo kubwa kama kichwa cha mtoto. Akalipiga lile donge kwenye ukingo wa bati, mara moja, mara mbili, mara ya tatu, kama mtu anayekung'uta mkeka, mpaka udongo wote ukadondoka na mizizi ikabaki inaning'inia, myembamba, myeupe. Kweli ilikuwa kama nywele.

Ni hapo mama mkwe alipolia. Si kwa ajili ya mkono.

"Mti mama wa huu aliupanda yeye," alisema. "Kwa mikono yake. Alikuwa na miaka kumi. Muuaji wewe."

"Na hilo ulilolikata ndilo alilofia."

"Nini?"

"Lilikuwa ndani ya shati. Alilitoa kwenye lile jumba. Nililikuta mimi."

"Mwanangu hakukutwa na kitu."

"Alikuwa nacho, mama. Kwapani. Polisi hawakufungua vifungo."

Mama mkwe alimtazama kwa muda wa mtu kuvuta pumzi moja, halafu akamwendea na meno. Alimng'ata begani, akashikilia, mkono uliovunjika unaning'inia pembeni, na mjane akawa anampiga mgongoni kwa viganja vinavyochuruzika damu, wakaanguka pamoja juu ya miiba. Kopo alikuja mbio akawamwagia kopo zima la maji, kisha la pili.

"Nimezika watu wa kila aina hapa," alisema, akihema, "lakini huwa wanaletwa wakiwa wameshakufa. Inukeni."

Mjane alishonwa nyuzi kumi na moja. Alizitazama kwa jicho la fundi, akaona zimeshonwa ovyo. Mama mkwe alifungwa plasta mpaka kiwikoni. Bogenvilia, ambayo Kopo aliirudisha shimoni jioni ile ile kwa huruma tu, ilinyauka siku ya nne na siku ya kumi ilikuwa kuni.

Kilichomsumbua mjane hakikuwa hicho. Jirani yake aliyekwenda sokoni alirudi na habari: "Mama mkwe wako siku hizi anapima vitunguu kimya. Nimemwambia pole ya mwanao, akaniambia asante, basi. Ile kauli yake haisemi tena."

Mjane alisimamisha cherehani. Mkono ungeunga. Lakini kigoda cha yale maneno alikuwa amekipiga teke mwenyewe, na mwenye kukisimamia alikuwa ndani ya maji.

Jumapili aliomba tena ruhusa. Alimkuta mama mkwe amekaa kwenye ukingo wa kaburi la jirani, plasta mapajani, anautazama ule mti mkavu.

"Shikamoo mama."

Akapiga magoti, akafukua majani kwenye shina la waridi kwa vidole.

"Njoo uone kitu."

"Nimeshaona vyote."

"Hiki hujakiona. Njoo, mama, tafadhali."

Yule mama akasogea taratibu. Kijiti cha zamani kilikuwa bado kimesimama, vidole vinne juu ya udongo, chipukizi moja jipya, jekundu, likitokeza ubavuni. Juu yake kulikuwa na kovu.

"Hapa ndipo kilipokatwa siku ile," mjane alisema. "Mshazari, safi, juu ya jicho. Na hapa ulipokata wewe, gusa. Pamepondeka, sivyo? Panga linaponda. Sasa niambie, mwanao alikuwa na nini cha kukatia? Polisi waliandika."

Mama mkwe alifikiri. "Kikwangulio."

"Kikwangulio cha rangi. Butu. Hata mkate hakikati. Hiki kimekatwa na mkasi wa kupogolea. Ni mtunza bustani wa pale, amepogoa, ametupa chini, vinangoja kuchomwa moto. Mwanao ameokota takataka, akaifunga kwenye gazeti lililoloweshwa isikauke njiani."

Mama mkwe aligusa lile kovu kwa kidole cha mkono mzima, akapitisha kidole, akakirudisha.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Ulikuwa unasema hakukutwa na kitu. Nikaona nikuachie."

"Ukaniachia mpaka uliponichukia."

"Ndiyo."

Kopo alipita mbali na makopo yake, akawaangalia kwa wasiwasi, akaona hakuna chuma mikononi mwao, akaendelea.

"Bogenvilia yangu umeiua," mama mkwe alisema.

"Nimeiua."

"Ule wa ukutani upo. Lakini sikupi tawi, wala jani. Usije kuniomba."

"Sawa, mama."

"Na huo mkavu usiung'oe. Uache hapo hapo nikija niuone."

"Nitauacha."

Mjane alitoa mkasi kwenye mkoba ili asawazishe pale panga lilipoponda, pasioze. Mkono wake ulioshonwa ulikuwa bado haukunjiki vizuri, na kijiti kikawa kinamkwepa. Mama mkwe alimtazama akikosa mara mbili. Halafu akanyoosha mkono mzima, akakishika kijiti chini, kwenye miiba, akakituliza.

"Hakukutwa na kitu cha mtu," alisema kwa sauti ndogo, kama anayejaribu kiatu. Akarudia, safari hii kwa sauti ya sokoni, na Kopo kule mbali akageuka. "Mwanangu hakukutwa na kitu cha mtu."

Mjane akakata.