Shangazi wa Viti Vitatu

Usiku wa kuamkia siku ya kutetea utafiti wangu, niliota nimekuwa mwanga wa infraredi. Sikuwa mwanga wa kuonekana, joto tu, lenye viatu vya kuazima. Kazi yangu ilikuwa kupita katikati ya molekuli na kusema ina vikundi gani vya atomu. Nikikosea narudia mwaka, na mama alikwisha kuwashonea shangazi zangu wote sare za mahafali.

Ninaingia maabara, kumbe ni zahanati. Sampuli yangu imeketi chumba cha kusubiri, atomu zake zimeshikana mikono. Nesi anaita namba dirishani, na anayesikia namba yake anatetemeka.

"Elfu moja mia saba na kumi na tano!"

Kaboni na oksijeni, walioshikana mikono yote miwili, wanaruka kwa nguvu mpaka feni inadondoka.

"Karbonili! Tupo!"

Angalau hao nawajua. Nikashusha pumzi.

"Elfu tatu na mia nne!"

Anainuka mama mnene aliyekalia viti vitatu peke yake. Haruki. Anatikisika taratibu, kuanzia kiti cha kwanza hadi cha mwisho. Amevaa sare ya mahafali yangu, imelowa chapachapa.

"Mimi hidroksili, mwanangu. Andika alkoholi, twende zetu."

Nikaandika. Kalamu ikatoka jasho.

"Dada, huyo hatumjui," karbonili akasema. "Sisi ni ketoni, hatuna hidroksili. Hajashikana mkono na yeyote hapa. Umekuja naye wewe."

"Nimekuja naye vipi?"

"Si jana ulikuwa unasaga chumvi ya kutengenezea kidonge cha sampuli?" yule mama mnene akajibu bila haya. "Uliiacha wazi, halafu ukapuliza unga uliomwagika. Nikapanda kwenye pumzi yako. Mimi ni maji, mwanangu. Nikiona chumvi iko wazi nimealikwa."

Naomba kufuta. Nesi anasema dirisha limefungwa.

Zahanati sasa ni ukumbi wa kutetea. Profesa Mwasyoge ananiuliza jina la sampuli. Nafungua mdomo, unatoka mvuke, na mvuke unakuwa shangazi. Nafungua tena, shangazi mwingine. Wanajaa ukumbi mzima wakinipigia vigelegele, na ketoni yangu siioni tena. Nimeogopa kiasi kwamba naacha kuvuta pumzi.

Niliamka nikiwa nimebana pumzi kweli. Kulikuwa kumepambazuka. Mvua haikunyesha, bati halivuji, na ndoo ya maji ilikuwa mlangoni na mfuniko wake.

Viti vitatu vya plastiki vya mwenye nyumba, vilivyopangwa ukutani, vilikuwa vimelowa. Vya pembeni kidogo, cha katikati chapachapa.

Nikampigia fundi wa maabara.

"Kaka Sebunga, shikamoo. Nakuomba uwashe oveni, nakuja kukausha chumvi. Kipimo cha jana kina maji."

"Marahaba. Mbona sikusikii vizuri? Umeziba mdomo?"

"Ndiyo, kaka," nikasema ndani ya khanga. "Nitaifungua nikishamaliza kupima."