Mkwe na Transfoma ya Redio Yangu

...na bado anamtuma binti yangu Nashilu, eti Yeyo, mama, mkwe wako anaomba mtu asiguse swichi, kwani mimi nina shida gani na swichi yake, nimekaa zangu huku nyuma ya pazia nimempa mgongo, adabu yetu Waarusha, mama mkwe haonani na mkwewe uso kwa uso wala hamtaji jina, sawa, lakini kuibomoa redio yangu ndiyo adabu? kaing'oa transfoma, ini la redio, sasa matangazo ya vifo nitayasikia wapi, Hanna jirani, mdomo kama tarumbeta, leo ndiye wa kunihadithia misiba, mimi!... Nashilu, mwambie airudishe... Yeyo, anasema ni hiyo tu yenye nyaya tatu, ya katikati sifuri, huku chanya, huku hasi, mashine za studio zinataka pande zote mbili... zinataka! siku hizi kila kitu ruksa, redio za Dubai zimejaa mjini, kiwandani kwao, walikounda redio, wakapunguzwa, sasa kapata tajiri wa Njiro anayerekodi kwaya, kisanduku hiki cha umeme anachomuundia kikiwaka vizuri ana kazi, watahamia huko kwenye mageti, na Nashilu wangu atamfuata, mimi nibaki Moshono naongea na kuku... basi kilipuke, ndiyo, kilipuke kama jana, alipoweka kinyume ile kapasita, kikopo cha umeme cha upande wa hasi, paa! harufu ya manyoya ya kuku yaliyoungua, nikacheka mpaka kilemba kikadondoka... Nashilu, shika nyaya za mita, inama usome namba, hiyo sauti ya mkwe, inama? nachungulia pembeni mwa pazia, Mungu anisamehe, mwanangu kainama, shavu lake juu kabisa ya vile vikopo, na kifuniko cha jana kiliruka kikatoboa dari, dari ya mbao, sembuse jicho... mwanamume huyu ana akili kweli?... Yeyo, mbona unahema hivyo?... kisilipuke, Bwana, nafuta niliyosema, kiwake, wahamie Njiro, wahamie hata Nairobi, awe na macho yake mawili... tayari mke wangu? tayari... kidole kiko kwenye swichi na jina lake limeshanifika kwenye ulimi, Sankale, mwondoe mwanangu hapo, nalitoa, nalitoa kwa sauti, na wazee wa ukoo wanitoze kondoo.