Kadi ya Pili

Watu hudhani kazi yangu ni kubonyeza kitufe. Waje wabebe wao begi la kilo tisa kutoka kwangu Malvern mpaka Vaughan kwa mabasi matatu, mwezi wa Februari, halafu wamtafute mama wa bwana harusi aliyejificha jikoni kwa sababu haipendi pua yake, ndipo tuzungumze. Kwa miaka kumi na miwili nimewapiga picha watu wetu wa Toronto, harusi, sendofu, komunyo ya kwanza, mahafali, hata misiba, na nilikuwa nikijisifu kwamba sijawahi kumharibia mtu shughuli yake. Nilijisifu mapema mno.

Mwaka 2013 nusu ya kazi zangu zilitoka kwa akina mama wa Kishia, familia zilizohama zamani kutoka Tanzania na Kenya, ambazo shughuli zao nyingi zilifanyika kwenye kituo chao cha Mtaa wa Bathurst, huko Vaughan. Waliniita kwa sababu mbili: mimi ni mwanamke, na wazee wao wanapenda kuongea Kiswahili. Kwenye sherehe yao ya wanawake hijabu zinavuliwa, watu wanacheza, na hakuna mwanamume anayekanyaga hata koridoni. Simu zote zinaachwa kwenye kapu mlangoni. Anayebaki na kamera ni mimi tu. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu: kabla sijavaa koti, namkabidhi mama wa bibi harusi kadi ya picha mkononi mwake, naondoka mikono mitupu. Sibaki na nakala. Hakuna aliyewahi kunisainisha karatasi, waliambiana kwa mdomo, "Mwite Valeria."

Jumamosi ile ilikuwa ya Alia, binti wa Daulat. Kamera nilikuwa nimeinunua wiki hiyohiyo kwa mtu aliyeichoka. Ilikuwa na nafasi mbili za kadi, wakati yangu ya zamani ilikuwa na moja. Nafasi tupu inanikera, nikatia kadi ya pili, nikidhani itasubiri mpaka ya kwanza ijae. Kitabu cha maelezo sikukisoma. Nani husoma kile kitabu?

Katikati ya ngoma, Bibi Noorbanu, mama yake Daulat, akanivuta mkono. Ni mzaliwa wa Tanga, na miaka yote ya Kanada haijamwondolea utani.

"Mwanangu, tangu mume wangu afe nimepigwa picha za pasipoti tu. Nipige leo nacheka, nijione. Macho yenyewe yananiaga."

Hakuwa akitania. Jicho moja lilikwisha kuzimwa na presha ya macho, na la pili daktari alilikadiria miezi michache tu. Nikampiga akimcheka mkaza mwanawe anayecheza vibaya, nywele nyeupe zimeshika hina kwenye ncha, mdomo wazi. Nilijua palepale kwamba nimeipata.

Mlangoni nikampa Daulat kadi, akaitia kwenye pochi yake, tukaagana kwa kukumbatiana.

Jumatatu, nilipokuwa nikichaji betri, nikaiona ile kadi ya pili. Nikawasha kamera ili nihakikishe ni tupu. Kwenye kioo, Bibi Noorbanu akanicheka usoni. Mwenye kamera wa kwanza alikuwa ameipanga iandike kila picha mara mbili, na mimi nilikuwa nimetoka Vaughan na wanawake sabini vichwa wazi, nikawapandisha basi mpaka Malvern.

Nilipaswa kupiga simu dakika ileile. Sikupiga. Niliogopa, huo ndio ukweli. Nicolaus, mume wangu, aliponikuta nimejikunyata kitandani, nikamweleza.

"Futa, nyamaza," akasema. "Nani atajua?"

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini kazi nilifundishwa na Mzee Elias, mwenye studio Moshi, na yeye hakuruhusu filamu itupwe mpaka mwenye picha aseme kwa kinywa chake kwamba ameziona. Daulat alikuwa hajasema. Nikaitia kadi kwenye bahasha, nikaigundisha, nikaificha chini ya vitenge vyangu, nikajiambia akisema tu, nafuta. Siku tano zilizofuata nilisubiri simu yake.

Jumamosi asubuhi Daulat akapiga simu analia. Nikadhani amejua.

"Valeria, ni disaster. Picha zimepotea. Zote."

Alia alikuwa amekwenda na ile kadi fungate, huko Niagara, azitazame kwa nafasi. Hussain, mumewe, akaikuta mezani, akaitia kwenye kamera yake. Kamera ikamwuliza kama iifute kadi, naye akabonyeza ndiyo bila kusoma, na sina haki ya kumcheka. Kisha akaijaza maporomoko ya maji, mamia ya picha. Fundi aliyeitazama aliwaambia hakuna kilichosalia chini yake.

"Mama ananiuliza kila siku picha ziko wapi," Daulat akasema. "Jana amenishika uso kwa mikono ili anijue. Nimwambie nini?"

Nikampa pole. Nikarudia pole. Kisha nikakata simu, na aibu niliyoisikia sijaisahau mpaka leo.

"Basi Mungu amekupenda," Nicolaus akasema. "Waambie umezifufua kwa kompyuta. Watakushukuru maisha yao yote."

Uongo huo niliuandaa vizuri ndani ya mabasi matatu, kesho yake. Ungepita bila shida. Nikaingia sebuleni kwa Daulat, nikamwamkia Bibi Noorbanu.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, uso ameuelekeza kando kidogo ya pale niliposimama. "Umeniletea picha zangu?"

Uongo ukanikwama. Nikaweka bahasha mezani.

"Mama Alia, picha zipo humu. Siku ile nilitoka nazo bila kujua, kamera iliandika mara mbili. Nilijua Jumatatu. Sikukwambia."

Uso wa Daulat uling'aa kwanza, halafu ukazima.

"Tangu Jumatatu?"

"Tangu Jumatatu."

"Jana nalia kwenye simu, ukanipa pole."

"Ndiyo."

"Mumeo ameziona?"

"Hajaziona. Anajua zipo. Mimi nimeona moja tu, ya bibi."

Laiti angenipigia kelele. Alikaa chini, akaanza kuongea polepole. "Mimi ndiye niliyesimama pale mlangoni, Valeria. Nikawaambia, vueni, msiogope, ni Valeria. Mabinti wa watu. Walivua kwa neno langu."

Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja mbio.

"Mtagombana baadaye," Bibi Noorbanu akasema. "Macho yangu hayasubiri."

Tukaziweka kwenye televisheni. Bibi alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Ilipokuja ile yake, akainamisha kichwa huku na huku, akiitafuta kwa kile kipande cha jicho kilichobaki, akaipata.

"Tazama meno yangu," akasema. "Sikujua yamebaki mengi hivi."

Akataka irudishwe. Tukairudisha mara tano, sita, naye kila mara akacheka kama ndiyo kwanza anaiona, na Daulat akawa anacheka na kufuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kwa nusu saa nilisahau nilichokifanya.

Wakati wa kuondoka Daulat alinisindikiza mpaka kwenye viatu.

"Fungua begi," akasema.

Nikalilaza sakafuni, nikamfungulia. Akachuchumaa. Akashika zipu ya mfuko wa kwanza, akaivuta kidogo, kisha akaiachia.

"Siwezi," akasema. "Siwezi kukupekua." Akalifunga begi yeye mwenyewe, akanipa. "Nakuamini, Valeria. Wallahi nakuamini. Lakini wakiniuliza picha zimetoka wapi nitawaambia kweli. Na kusimama tena mlangoni niwaambie watu wavue kwa ajili yako, hilo siliwezi."

"Najua, Mama Alia."

"Nje baridi," akasema. Akaninyanyulia kola, akanizungushia skafu shingoni mara mbili, akaifunga vizuri kama anavyomfunga Alia, kisha akafungua mlango.

Kituoni nililia mpaka basi la kwanza likanipita.