Maji Kidogo

Kwenye majengo anakofanya kazi, fundi rangi huyu haitwi kwa jina lake. Wanamwita Maji Kidogo, kwa sababu kila ndoo ya rangi inapofunguliwa yeye huinama, huchungulia, huikoroga kwa kijiti, kisha husema maneno yale yale: "Ongeza maji kidogo." Na kwa kawaida husema kweli. Rangi nzito huacha michirizi ya brashi ukutani. Ikilegezwa kwa kipimo hutandaa vizuri, na ndoo moja hufika mbali.

Kwa hiyo mkewe alipomwambia, mwanzoni mwa mwezi, kwamba wakibana matumizi kwa wiki nne watapata hela ya kununua ovaloki, Maji Kidogo hakuona ugumu wowote.

Mkewe ni mshonaji. Chumba cha mbele ndicho karakana yake: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ya kukatia, na kiti kimoja cha wateja ambacho huwa kimekaliwa na vitambaa. Alichokosa ni ovaloki, ile mashine inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke. Kila nguo aliyoishona aliipeleka kwa jirani mwenye nayo, akalipia, akangoja zamu, na mara nyingine akarudishiwa nguo imevutika kama sikio la mbuzi. Sasa fundi mmoja mzee alikuwa anaacha kazi na anauza ovaloki yake. Alikubali kumngoja mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Ikipita saa sita mchana, mwanangu," alimwambia, "usinilaumu. Yupo mwingine anaimezea mate."

"Tutaipata," Maji Kidogo alimwahidi mkewe. "Jikoni na bafuni niachie mimi."

Alianza na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Nusu sabuni, nusu maji, na kifuniko akakitoboa kitundu chembamba kwa msumari. Vyombo vilitakata vizuri, na chupa iliyokuwa ikiisha kwa wiki moja ikaingia wiki ya pili bado imesimama.

"Hapo umeweza, baba watoto," mkewe alisema. "Kweli nyumba ina fundi."

Sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Kesho yake alilegeza dawa ya kudekia. Keshokutwa mchuzi wa maharage. Siku ya tano alifika kwenye maziwa.

Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, ambaye wanaishi naye, aliinua kikombe cha chai akakielekeza dirishani.

"Mwanangu, nakiona kitako cha kikombe. Haya maziwa yametoka kwa ng'ombe, au yalipishana naye tu njiani?"

"Ya ng'ombe, shangazi. Nimeyalegeza kidogo."

"Umeyalegeza mpaka yamezimia."

Binti yao wa darasa la saba alicheka hadi chai ikamtokea puani.

"Ona," baba yake akasema, "hata ikimwagika haiachi doa. Tumebana na sabuni."

Shangazi alimgeukia mkwe wake. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi simlaumu yeye. Aliyemsifu ni wewe."

Lakini hela zilikuwa zinaongezeka, hilo hakuna aliyebisha. Shangazi mwenyewe alikuwa amepiga marufuku kumtuma binti dukani kila jioni kununua sukari ya kupima na majani ya chai ya vipakiti. Alinunua mfuko mmoja mkubwa, akauweka chini ya kitanda chake, na aliyetaka sukari alipaswa kwanza kumwamkia. Maji Kidogo aliacha kununua soda kazini. Bahasha ya ovaloki, iliyokaa ndani ya kabati la vitambaa, ilianza kuwa na kitambi.

Wiki ya tatu mshonaji alipata kazi ya maana. Mwenye tanuri la mikate aliagiza aproni ishirini na nne, kitambaa juu ya mshonaji, malipo siku ya kukabidhi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mchana. Malipo hayo yakiingia kwenye bahasha, ovaloki ni yao.

Siku kitambaa kilipofika Maji Kidogo alirudi mapema, akamkuta mkewe anaizunguka meza kama anayetafuta sindano. Alikuwa amekata mifano ya aproni kwa magazeti, na sasa anaipanga juu ya kitambaa: huu juu, huu kichwa chini, mifuko anaichomeka kwenye mapengo ya kwapani. Anarudi nyuma, anatazama, anapangua, anaanza upya.

"Mama, mchana mzima hujakata hata kipande kimoja?"

"Sijakata. Ndiyo maana bado nina kitambaa."

Aliona ni jibu la mtu aliyechoka, akaenda zake kuoga kwa ndoo nusu.

Alhamisi asubuhi alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini aliposikia cherehani inakohoa. Ilikwenda mishono mitatu, ikalia kama mlango wa zamani, ikasimama. Mkewe alikanyaga tena. Gurudumu likagoma. Aproni kumi na tano zilikuwa zimekunjwa kitini. Tisa zilikuwa bado vipande.

Alifungua kifuniko cha juu, akaingiza kidole, akakitoa kina kitu cha kahawia kinachonata kama ulimbo.

"Hii nini? Mafuta naitia kila wiki."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Alisogea, akainama, akanusa.

"Cherehani inanukia vitunguu," alisema.

Maji Kidogo aliacha kamba ya kiatu. Katika wiki ile ya sifa alikiona kikopo cha mafuta ya cherehani kimebaki robo. Jikoni kulikuwa na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, masafi, ameyachuja mwenyewe kwa kitambaa mara mbili. Alijiambia mafuta ni mafuta. Akajazia.

Angeweza kunyamaza. Alitazama zile aproni kumi na tano, akaona kunyamaza kungemgharimu zaidi.

"Ni mimi," alisema. "Nilijazia kikopo. Yale ya kukaangia."

Hakuna aliyecheka, hata binti aliyekuwa amevaa mkoba wa shule begani. Mkewe alikaa kwenye kiti cha wateja, juu ya aproni zenyewe, na anayemjua anajua huyo mtu hakalii kazi.

"Fundi wa vyerehani haji kabla ya Jumatatu," alisema polepole. "Na akija, anakula nusu ya bahasha. Leo Alhamisi."

"Najua."

"Kwa nini hukuniuliza? Neno moja tu. Ningekwambia."

Maji Kidogo alipiga magoti mbele ya cherehani, kwa aibu zaidi kuliko kwa maarifa, akagusa ule ulimbo, akausugua katikati ya vidole. Akausugua tena. Kisha uso wake ukabadilika.

"Huyu namjua," alisema. "Huyu ni ndugu wa vanishi. Brashi ikilala na vanishi inakuwa hivi hivi. Haitaki nguvu. Inataka mafuta ya taa na subira."

"Unataka kuifungua cherehani yangu?"

"Wewe ndiye utakayeifungua. Unaniambia skrubu ipi, mimi nasafisha. Sigusi kitu ambacho hujanionyesha."

Alimpigia msimamizi wake simu kuomba ruhusa ya siku moja. Akatandika shuka kuukuu sakafuni na kuleta brashi zake ndogo, zile za kona za madirisha. Mshonaji alifungua, akataja, akampa. Kila kipande kilipotoka kiliwekwa kwenye shuka kwa mfuatano wa kutoka kwake, na Maji Kidogo akakiandikia namba kwa chaki ya kushonea, bila haraka, kama anavyofanya na milango anayoitoa kwenye bawaba ili aipake rangi. Mafuta ya taa aliyamimina kwenye bakuli la bati.

"Yasitiwe maji!" shangazi alipiga kelele kutoka jikoni.

"Shangazi, nimeshakoma!"

Ndipo mkewe akacheka, kidogo, kwa pua, akaendelea na skrubu iliyofuata.

Ulimbo uliachia tabaka kwa tabaka. Saa saba mchana shuka lilikuwa limejaa vyuma vinavyong'aa. Maji Kidogo alikwenda dukani kwa miguu, akanunua chupa mpya ya mafuta ya cherehani, akalipa bei aliyotajiwa bila kubishana, jambo lililomfanya mwenye duka amuulize kama anaumwa. Saa tisa gurudumu lilizunguka. Halikukohoa.

Aproni tisa zilizobaki zilishonwa Alhamisi hiyo hiyo jioni, nyumba nzima kazini. Binti alikata nyuzi, shangazi akapiga pasi, Maji Kidogo akawa mbeba mizigo kwenda na kurudi kwa jirani wa ovaloki. Katika kupita huko aliinua mabaki ya kitambaa chini ya meza ayatupe. Aliyapata yote kwenye kiganja kimoja. Alisimama nayo hapo.

"Mengine yako wapi?"

"Mengine yapi?"

"Ya aproni ishirini na nne. Mabaki."

"Ndiyo hayo. Nilinunua kitambaa cha aproni ishirini na mbili, zikatoka ishirini na nne." Hakuinua macho kwenye sindano. "Nilikwambia sijakata."

Alitazama aproni iliyo karibu. Ilikuwa pana, mifuko yake mikubwa, mikanda mirefu ya kufunga mara mbili kiunoni. Haikupunguzwa kitu. Aliyatia yale mabaki mfukoni mwake, asijue kwa nini.

Ijumaa mchana mwenye tanuri alizihesabu, akazivuta mishono, akalipa. Jumamosi saa tano na nusu walikuwa kwa yule fundi mzee. Bahasha ilitosha, ikabaki kiasi cha kumfanya mtu ajisikie tajiri kwa dakika kumi. Hela ya kukodi gari haikuwepo, ila Maji Kidogo alikuwa amekuja na mkokoteni wake wa ndoo za rangi, ameutandika magodoro ya viti.

Mzee aliwafungia kamba mwenyewe. Mwisho akatoa chupa ya mafuta ya mashine, imejaa nusu, akamnyooshea Maji Kidogo.

"Hii nawapa bure, baba. Ikipungua—"

Mshonaji aliidaka chupa hewani, akaitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

"Ikipungua nitakuja mwenyewe, mzee," alisema. "Asante sana."

Walirudi polepole, yeye akishikilia ovaloki kama mgonjwa, mumewe akisukuma na kukwepa mashimo. Mbele ya duka la maziwa alimwambia asimame. Aliingia, akatoka na lita mbili, akazipakata kifuani.

"Niziweke hapa mkokotenini?" Maji Kidogo aliuliza.

"Wewe sukuma."