Siku Thelma Alipovuka Barabara Buxton

Dada yangu Thelma alikuwa na miaka sabini na tisa na mimi sabini na mitatu. Asubuhi ile ya Juni tulipopanda treni ya kwenda Buxton pale Stockport, kaskazini mwa Uingereza, mfukoni mwa koti langu mlikuwa na fomu ambayo sikuwa nimemwambia habari zake.

Ilikuwa fomu ya nyumba ya kutunzia wazee, upande wa pili wa mji wetu. Nyumba nzuri, nilikwenda kuikagua mara mbili. Ina bustani, ina wauguzi saa zote, na chumba kimoja kilikuwa kinaachwa wazi mwisho wa mwezi. Meneja alinipa mpaka saa tisa alasiri ya siku ile nimpe jibu. Kilichobaki ni saini ya Thelma. Nilipanga tuzunguke Buxton, tule vizuri, halafu nimwambie taratibu akiwa ameshiba. Ndivyo nilivyo. Nilikuwa tarishi wa posta miaka thelathini na minne, na barua za habari mbaya nilizisukuma kwenye tundu la mlango nikaenda zangu. Kuzisoma ilikuwa kazi ya wengine.

Macho ya Thelma yalianza kuharibika miaka mitatu nyuma. Si giza lote. Katikati ya kila kitu anaona doa la kijivu, na pembeni anaona kidogo, kwa hiyo akitaka kuniona uso inabidi atazame sikio langu. Mwezi wa pili alijimwagia maji ya moto mkononi akipika chai. Nilimkuta jikoni amezamisha mkono kwenye beseni, anaimba ili asilie. Tangu siku hiyo nikawa naenda kwake asubuhi na jioni, na kila nilipofungua mlango nilikuwa nimebana pumzi.

"Unaingia kama polisi," aliniambia siku moja. "Gonga kwanza. Je, ningekuwa nacheza dansi na mwanamume?"

Kwenye treni alikaa dirishani.

"Tumefika wapi?"

"Hakuna cha maana. Majani tu."

"Majani gani?"

"Ya kijani."

"Neville, miaka yote ile umetembea na mfuko wa barua, hukuwahi kutazama kitu?"

Kijana aliyekaa mbele yetu akageuza uso dirishani ili asicheke. Nikajitahidi. Nikamwambia kuna mlima, una kuta za mawe zinazopanda mpaka juu, na kuna kondoo mmoja amesimama peke yake kama amegombana na wenzake. Thelma akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu aliyepata jibu nusu.

Buxton tulianzia kwenye maduka yaliyo ndani ya bafu za zamani, mahali wagonjwa wa baridi yabisi walikuwa wakiteremshwa kwenye maji moto. Kuta bado zina vigae vya zamani. Mimi niliona vigae. Thelma alivua glavu, akaweka kiganja ukutani, akaanza kutembea polepole akiburuza mkono. Ujana wake wote alifanya kazi kwenye kiwanda cha kofia, na kazi yake ilikuwa kuipapasa kofia kabla haijatoka, aseme kama sufu yake imekaa sawa.

"Hiki si cha zamani," akasema, akasimama. "Na hiki. Hivi viwili vimewekwa juzijuzi."

Nikasogeza miwani. Vyote vilikuwa vya rangi moja. Mwenye duka la sabuni akachungulia mlangoni.

"Kakwambia nani, mama?"

"Kingo zake. Za zamani zimechoka, hivi bado vina kiburi."

"Ni kweli vilibadilishwa," yule mwanamke akasema. "Kila siku napita hapa na siwezi kuvionyesha mpaka nihesabu kutoka mlangoni."

Thelma alitoka pale amenyoosha mgongo. Mimi mkono ulikuwa mfukoni, unaigusa fomu.

Tulikula pai ya jibini na vitunguu kwenye bustani, karibu na mto, bata wakitugombania makombo. Jua lilikuwa zuri. Ilipofika saa nane na dakika chache nikajiona nimeshindwa kufungua mdomo. Nikamwambia akae pale kwenye benchi, naenda kutuletea chai.

Sikwenda kwenye chai. Nilikwenda nyuma ya ukumbi wa vioo wenye maua uliomo bustanini, nikampigia simu meneja. Nikamwambia chumba tunakichukua, saini ataipata kesho. Yule mama alikuwa mzito wa kusikia au simu yangu ilikuwa mbovu, maana nilirudia mara tatu: ndiyo, chumba cha dada yangu, ndiyo, hajui bado, nitamwambia leo leo.

Kisha nikapanga foleni ya chai. Niliporudi na vikombe viwili, benchi lilikuwa tupu.

Nasema tupu, lakini wakati ule lilikuwa zaidi ya tupu. Nilitazama mtoni kwanza. Maji ya pale hayafiki magotini, ila moyo wangu haukuulizia kina. Nikaweka vikombe chini nikaanza kukimbia, kama mtu wa miaka sabini na mitatu anavyokimbia, nikamwuliza kila niliyekutana naye. Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akaniambia, "Mwenye skafu ya kijani? Amenipita sasa hivi. Kaniuliza kisima cha mjini kiko wapi, kile cha maji ya bure."

Nilimwona nilipotoka getini, kwenye kona ya jumba la opera. Alikuwa anatembea karibu na ukuta, mkono mmoja unagusa matofali, hatua zake fupi lakini za mtu mwenye safari. Nilifungua mdomo nimwite. Hapo hapo akagongana na kitu, akarudi nyuma hatua moja.

"Samahani, bwana," akasema.

Yule bwana alikuwa nguzo ya taa. Thelma akasubiri ajibiwe. Kimya. Akainua mkono, akaipapasa, akacheka peke yake, akaipigapiga nguzo kama mtu anayempongeza farasi, akaendelea na safari yake.

Sijui kwa nini sikumwita. Nimejiuliza sana baadaye. Nadhani ni kile kicheko. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka bila mtu wa kumchekesha. Nikabaki nyuma yake, hatua ishirini hivi, nikamfuata dada yangu mjini kama mwizi.

Mbele kidogo kulikuwa na lori la mapipa ya bia limeziba njia ya miguu. Thelma alisimama. Mwanamume mnene aliyekuwa akiteremsha mapipa akamwona. Watu wa huko humwita kila mtu bata wangu, awe jaji au mfagiaji.

"Unakwenda wapi, bata wangu?"

"Kisimani."

"Njoo nikuzungushe," akasema, akamkamata mkono juu ya kiwiko.

"Usinishike kama pipa lako. Nipe kiwiko, nitakushika mimi."

Yule mtu akatazama mkono wake kama ndiyo kwanza anauona, akautoa. "Haya, bosi."

Akamzungusha lori mpaka kwenye taa za kuvukia, akarudi kazini. Sasa Thelma alikuwa peke yake ukingoni mwa barabara, magari yanapita mbele ya pua yake. Alitafuta kisanduku cha kubonyeza, akakibonyeza. Kisha akaweka vidole chini ya kile kisanduku, akatulia.

Kuna kijipini cha chuma pale chini, kidogo kama ncha ya kidole, ambacho huzunguka taa ya kijani ikiwaka. Nimevuka barabara za nchi hii maisha yangu yote na sikujua kama kipo. Thelma alikuwa anajua. Kilipozunguka chini ya vidole vyake, akanyanyua kidevu akavuka, bila haraka, katikati kabisa ya mistari, na dereva wa basi dogo aliyesimama akampungia mkono asijue kwamba Thelma hamwoni.

Nilisimama pale mpaka taa ikarudi nyekundu. Ikabidi nisubiri nyingine.

Kisima chenyewe kiko mkabala na hoteli kubwa iliyopinda kama mwezi mchanga. Maji yanatoka mdomoni mwa simba wa shaba, bure, usiku na mchana, na wenyeji huja na madumu. Mwanamke mmoja alikuwa na madumu sita.

"Tangulia wewe, bata wangu," akamwambia Thelma. "Nikianza mimi utakaa hapa mpaka Krismasi."

Thelma alikinga mikono, akanywa, akajipaka mengine shingoni. "Ni ya vuguvugu."

"Siku zote. Hata theluji ikianguka."

Nilikuwa nimejificha nyuma ya mzee mwenye mwavuli. Thelma, bila kugeuka, akasema, "Neville, njoo unywe na wewe. Umetembea sana."

Nikatoka. "Umejuaje?"

"Pua yako inapiga filimbi ukiogopa. Tangu una miaka minane. Nimekusikia tangu kwa yule bwana wa taa."

"Ni mumeo?" akauliza mwenye madumu.

"Ni mdogo wangu. Hana ubaya. Ila anapiga simu kwa sauti kubwa."

Uso wangu uliwaka. Nilikunywa yale maji ili nipate pa kuuficha. Halafu tukapanda kwenye nyasi za kilima kilicho mbele ya kisima, tukapata benchi.

"Ile bustani imejaa vioo," Thelma akaanza. "Sauti inagonga inarudi. 'Hajui bado.' Mara tatu, Neville."

"Nilitaka kukwambia leo."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Ndiyo maana mtu anaulizwa."

Nikamwambia habari ya ule mkono kwenye beseni. Nikamwambia kwamba kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wake, nasimama kwenye ngazi nikihesabu mpaka kumi, kwa sababu mama yetu nilimkuta mimi, sakafuni, amekufa, nimetoka shule. Hilo la kuhesabu sikuwahi kumwambia mtu. Thelma ndiye aliyenilea baada ya hapo. Alikuwa na miaka kumi na minne, akaacha shule akaingia kiwandani. Alisikiliza akitazama sikio langu.

"Nilidhani unakuja kunikagua," akasema mwishowe. "Kumbe ulikuwa unaogopa."

"Yote mawili."

Akacheka kidogo. Kisha akaniambia lake. Miezi minne alikuwa kwenye orodha ya kusubiri mwalimu wa chama cha wasioona, wa kumfundisha kutembea na fimbo ndefu nyeupe. Wiki iliyopita walimpigia: anaanza Jumatatu ijayo. Habari ya kile kijipini cha barabarani walimwambia kwa simu, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kukijaribu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema fimbo ya nini, na mimi nipo."

Ningesema hivyo hivyo, neno kwa neno. Nikatoa fomu nikampa. Aliipapasa pande zote.

"Karatasi nzuri. Nzito," akasema. Nilitegemea aichane. Akaikunja akaitia kwenye mkoba wake. "Labda nitaihitaji nikifika tisini. Lakini nitaisaini mimi, nikitaka mimi. Haya, mpigie yule mama. Na safari hii ongea polepole."

Saa tisa kasoro dakika kumi nilipiga simu. Meneja hakukasirika, alisema kuna watu wengine wanaosubiri, akanitakia siku njema. Nilipokata, Thelma alikuwa amekwisha anza kupanga maisha yetu. Nimtafutie birika la umeme linalomimina kikombe kimoja kimoja. Niende kwake Jumatano na Jumapili, si kila siku. Nigonge.

"Na siku nyingine nitafanya nini?" nikauliza, na swali lenyewe likanishangaza.

"Hilo sijui. Una miguu mizuri na hakuna tena barua za kupeleka. Tafuta."

Ilinichukua muda. Vuli ile nilijiunga na watu wanaotembea milimani kila Alhamisi, na ndani ya kundi kuna mjane anaitwa Rosalind, anayeongea njia nzima na ambaye nimeanza kumsubiri kwenye kituo kabla ya wengine. Thelma naye alijifunza fimbo. Mwanzoni aliwagonga miundi wanaume wawili sokoni Stockport, mmoja wao, kwa maelezo yake, alistahili. Kulikuwa na siku mbaya pia. Novemba alipotea karibu na kwake kabisa, akarudi na baridi na hasira, akakaa ndani siku tisa. Nilikwenda Jumatano na Jumapili. Nilitaka kwenda kila siku, sikwenda. Siku ya kumi akanipigia akasema fimbo imechoka kukaa.

Aprili iliyofuata nilikuta kadi mlangoni. Picha ya gati refu lililoingia baharini, ya Llandudno, mji wa pwani kule Wales, na nyuma yake mwandiko wake, mistari imepandana kama majani yaliyolala kwa upepo. Alikuwa amekwenda peke yake na kubadilisha treni njiani. Ilinichukua dakika nzima kuusoma ule mwandiko.

"Bahari ina kelele, chakula ni kizuri, chumba kina ngazi nyingi mno," aliandika. "Nipo mpaka Jumapili. Kama una nafasi njoo, na huyo Rosalind mje naye."

Nikachukua simu nikampigia Rosalind, nikiongea polepole.